Chagua Mbegu ya Maharagi Mmea Ungali Umesimama

Mwenye parseli mtaani Majengo, mjini Goma, anayejiwekea mbegu yake ya maharagi kwa kawaida huichagua akiwa ameketi, ungo mbele yake, mavuno yamekwisha kupurwa na mashina yamekwisha kutupwa au kuchomwa. Anatoa punje zilizotobolewa, zilizosinyaa na zenye ukungu, kisha zilizobaki anazitenga kwa rangi na ukubwa. Kwa ajili ya chungu, kazi hiyo inatosha. Kwa ajili ya msimu ujao imechelewa, maana punje haionyeshi ilitoka kwenye mmea wa namna gani: kama shina lake lilikwea au lililala chini, kama matawi yake yalibeba maganda au majani matupu, kama maganda yalining'inia hewani au yaligusa udongo yakaoza. Mwongozo huu unatetea utaratibu mwingine. Kwenye kiwanja kidogo chenye udongo haba, umbo la mmea ndilo la kuchagua kwanza, kabla ya rangi ya punje, na huwezi kulichagua usipokuwa umeweka alama kwenye mimea yenyewe ikiwa bado shambani. Rangi, ladha na wepesi wa kuiva jikoni vina nafasi yake, tena kubwa, ila vinakuja kama chujio la pili.

Sababu ya kuanza na umbo iko chini ya miguu yako. Goma imekaa kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, juu ya lava ya zamani na ya juzi. Ile ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani. Ile ya tarehe 22 Mei 2021 iliishia pembezoni, upande wa Buhene, jirani na Majengo. Mwamba wa volkano ukishasagika huwa udongo wenye rutuba nyingi, na ndiyo maana Masisi na Rutshuru ni ghala la mji huu. Lakini kusagika kwenyewe huchukua vizazi, na parseli nyingi za Goma hazina shamba la udongo bali zina mifuko ya udongo: shimo hapa, ufa pale, kitalu kilichojazwa kwa magunia, na katikati mawe meusi yasiyokubali hata ncha ya jembe. Maji hayatuami, yanapenya na kupotea. Nafasi ya mmea kulala haipo, kwa sababu nyumba, choo, kamba ya nguo na ukuta wa mawe vimekwisha kugawana kiwanja. Hapo yanafuata mambo mawili. Nafasi iliyobaki bila mwenyewe ni ile ya juu. Na mimea haiwezi kukaa kwa mistari iliyopimwa kama kwenye kituo cha utafiti: mmoja utakuwa peke yake kwenye ufa wake, mitatu itabanana kwenye shimo moja. Mmea unaofaa hapa ni ule unaojua kwenda juu, au ule unaojua kutanuka pale anapokosekana jirani, na uwezo huo wote umo kwenye shina na matawi.

Ili uchague umbo lazima ujue kulisoma. Shina la maharagi limejengwa kwa mafundo. Kila fundo linatoa jani, na kwenye kwapa la kila jani kuna chipukizi lililolala ambalo linaweza kuwa tawi, linaweza kuwa shada la maua, au likabaki limelala hadi mwisho. Ncha ya shina ina usemi mkubwa katika hilo. Inapokua inateremsha homoni iitwayo auksini, na homoni hiyo inasaidia kuyazuia machipukizi ya chini yasiamke. Mbuzi akiila ncha, matawi yanaamka. Mwanga nao una sehemu yake: mimea ikibanana, kila mmoja unahisi mwanga uliokwisha kuchujwa na majani ya jirani, unarefusha shina na kupunguza matawi. Likumbuke hili la mwanga, kwa sababu mbele kidogo litageuka mtego.

Sokoni Goma utasikia watu wakisema volubile kwa maharagi ya kukwea na nain kwa mafupi. Mgawanyo huo wa mawili unatosha kwa kununua, hautoshi kwa kuchagua mbegu. CIAT, kituo cha kimataifa cha kilimo cha nchi za joto kilichopo Palmira nchini Kolombia, kinayagawa maharagi katika maumbo manne. La kwanza ni fupi na lina kikomo: ncha ya shina inageuka kuwa shada la maua, na baada ya hapo shina halina pa kwenda, kwa hiyo mmea unachanua kwa muda mfupi na kukomaa kwa pamoja. La pili nalo limesimama, lakini ncha haifungwi na maua. Inaendelea kidogo, na matawi yake ni machache, yamekaa wima karibu na shina. La tatu lina matawi mengi yanayolala na kutambaa, hushika kilicho karibu kikiwapo, na kikikosekana hujirundika juu yake lenyewe. La nne ni la kukwea: shina halina kikomo, linajizungusha kwenye ufito hadi kupita kimo cha mtu, likiongeza mafundo na maua huku maganda ya chini yakijaa. Ndani ya hili la nne kuna tofauti ambayo wauzaji wa mbegu hawaitaji sana, nayo inakuhusu kuliko zote: mimea mingine inabeba maganda toka chini hadi juu, mingine inayalundika kileleni.

Maharagi ya porini, ambayo bado yanaota Amerika ya Kati na katika milima ya Andes, ni ya kukwea. Ufupi uliletwa na watu. Uchunguzi wa jeni umeonyesha kwamba umbo lenye kikomo lilitokea na kuchaguliwa zaidi ya mara moja baada ya wakulima wa kale kuanza kuyafuga maharagi, na kwamba sehemu kubwa ya tofauti hiyo inashikiliwa na jeni moja, ambayo wataalamu huiita fin. Umbo la kukwea linatawala, ufupi unajificha. Ukichavusha ua la mmea mfupi kwa chavua ya mmea wa kukwea, watoto wa kwanza wote watakuwa na shina lisilo na kikomo. Wajukuu ndio watakaogawanyika, karibu mmoja kati ya wanne ukirudi kwenye ufupi. Huhitaji maabara kuyaona haya. Unahitaji misimu miwili, uvumilivu, na daftari.

Je, kwenda juu kunalipa? Ushahidi ulio karibu zaidi uko ng'ambo ya mpaka. Katika nyanda za juu za kaskazini magharibi mwa Rwanda, zile zinazoonekana ukisimama Goma, na huku Kivu pia, maharagi ya kukwea ni mazoea ya zamani. Miaka ya 1980 taasisi ya utafiti ya Rwanda, ISAR, pamoja na CIAT, zilianza kuyapeleka katikati na kusini mwa nchi, ambako watu walizoea mafupi. Aina moja iliyosambazwa wakati huo, Umubano, ilikuwa imetoka Meksiko na kusajiliwa na CIAT kwa namba G2333, na pamoja na urefu wake ilikuwa na kinga kubwa dhidi ya ugonjwa wa chule. Wakulima waliipokea kwa sababu iliyo wazi: kwenye eneo lile lile, maharagi ya kukwea yakipata fito na samadi yanaweza kutoa mara mbili hadi tatu ya mafupi. Hapa hakuna muujiza. Mmea unaoishi muda mrefu zaidi unapata siku nyingi zaidi za mwanga, mizizi yake inapata muda zaidi wa kuvuna naitrojeni ya hewani kupitia vinundu vyake, na maganda yake yako mbali na matone ya mvua yanayorusha udongo wenye vimelea. Sababu hii ya mwisho pekee ingetosha katika mji ambao mvua yake inapiga kama ya Goma.

Lakini usisome aya hiyo ukaenda kupanda ya kukwea kila pembe. Mmea wa mita mbili na nusu unakunywa kuliko ule wa nusu mita, na unachelewa: pale mafupi yanapokuwa yamekauka baada ya miezi mitatu hivi, ya kukwea mara nyingi yanadai mwezi mmoja zaidi. Ukipanda Septemba, mvua itakuvusha. Ukipanda mwishoni mwa Machi kwenye udongo mwembamba, kiangazi cha Juni kinaweza kuyakuta maganda ya juu bado mabichi. Kwa hiyo pima kina kabla ya kupima kitu kingine. Chomeka chuma chembamba kwenye kila mfuko wa udongo. Pale kinapogonga mwamba kabla ya kuzama shubiri moja, tafuta umbo la kwanza au la pili. Pale kinapozama hadi kiwiko, weka ya kukwea. Katikati ya hapo, tafuta ya kukwea yanayowahi na yenye maganda toka chini, ili kiangazi kikifika uwe umekwisha kuvuna sehemu kubwa. Hiki ni kipimo cha kukadiria, si sheria, na kinafaa zaidi kuliko kupanda umbo moja kiwanja kizima.

Umbo la tatu ndilo ningekushauri uliondoe kwenye akiba yako bila huruma nyingi, isipokuwa katika hali moja. Matawi yake mengi yanavutia macho, na mtu anayepita atakusifu kwa wingi wa majani. Kwenye kitalu chenye mimea iliyobanana, majani hayo yanafunikana, hewa haipiti, unyevu unakaa, na maganda yanayolala chini yanapata madoa na kuoza. Hali moja inayolitetea ni ile ya mmea ulio peke yake kwenye ufa wa mwamba, mawe makavu pande zote. Hapo matawi ni faida: yanatandaza maganda juu ya jiwe lililo safi na kavu, na mmea mmoja unaziba nafasi ambayo ingehitaji mitatu. Sifa ya tawi haijulikani mpaka ujue litakaa wapi.

Pingamizi la kwanza, na lenye uzito, ni la fito. Rwanda huhesabiwa fito 50,000 kwa hekta moja, yaani tano kwa kila mita mraba. Kitalu cha mita nne kwa tano kinadai fito mia moja, na Goma, ambako kila kuni ina bei na sehemu kubwa ya makala imekuwa ikitoka kwenye misitu ya Hifadhi ya Virunga iliyoanzishwa mwaka 1925, fito mia moja si jambo la kutamkwa kirahisi. Anayesema maharagi ya kukwea ni ya wenye miti hakosei. Ila jibu lake limo ndani ya uchaguzi wenyewe. Mimea inayolundika maganda kileleni ndiyo inayodai ufito mrefu na mnene, kwa sababu uzito wote uko juu na upepo unauangusha. Mimea inayobeba toka fundo la tatu au la nne inaridhika na ufito wa mita moja na nusu, ikifika mwisho inajikunja na kuendelea kubeba. Ukiichagua hiyo msimu baada ya msimu, unapunguza deni la miti kwa njia ya mbegu. Pamoja na hayo, usitumie nguzo nene: shina la maharagi linapanda kwa kujizungusha, kinyume cha mwendo wa saa ukilitazama kutoka juu, na linashindwa kuukumbatia mti mnene au bomba laini. Tete lililokauka, bua la mahindi lililoachwa limesimama, au kamba iliyofungwa toka kwenye kigingi hadi misumari iliyopigwa kwenye kuta zinazoelekea jua, vyote vinafaa. Kuta za mawe ya lava za Majengo zina faida nyingine ambayo haigharimu kitu, kwani zinatunza joto la mchana. Mahindi pia yanaweza kuwa ufito hai, mradi uyapande wiki mbili au tatu kabla, la sivyo maharagi yatayawahi na kuyavuta chini.

Sasa tufike kwenye mtego. Mmea wenye matawi mengi na maganda mengi unaweza kuwa hivyo kwa sababu mbili tofauti kabisa: umerithi, au umepata mahali pazuri. Ule wa pembeni mwa kitalu, unaopata mwanga pande tatu, utakuwa na matawi kuliko ndugu yake wa katikati hata kama mbegu zao zilitoka kwenye ganda moja. Ule ulioota karibu na shimo la takataka za jikoni utakuwa mkubwa, na punje zake ukizipanda mahali pengine zitakuaibisha. Mtu aliyelithibitisha jambo hili alitumia maharagi haya haya. Mwaka 1903 Wilhelm Johannsen, mtaalamu wa mimea wa Denmark, alitangaza matokeo ya majaribio yake. Alichukua ukoo uliotokana na mmea mmoja wa maharagi, akapanda punje zake kubwa na punje zake ndogo kando kando, na wastani wa uzito wa punje zilizovunwa ukawa ule ule. Ndani ya ukoo safi, uchaguzi hauzai kitu, kwa sababu maharagi hujichavusha yenyewe, na ndugu wa ukoo mmoja wamerithi kitu kile kile. Tofauti unazoziona ni za udongo, mwanga na bahati. Uchaguzi unafanya kazi pale tu koo ni nyingi.

Hapo desturi ya Kivu inakupa mtaji ambao mkulima wa nchi nyingi hana. Mbegu inayouzwa na kupandwa huku mara nyingi ni mchanganyiko: njano, nyekundu, nyeupe, zenye madoa, kubwa na ndogo, zote kwenye ndoo moja. Kila rangi mle ndani inaweza kuwa ukoo wake, na wakati mwingine rangi moja inaficha koo kadhaa zenye maumbo tofauti. Ukinunua mfuko wa aina moja iliyosafishwa, kuchagua mmea kwa mmea ni kupoteza muda. Panda, vuna, ondoa wagonjwa, basi. Ukiwa na mchanganyiko, una koo za kuchagulia. Na usidhani kwamba usipochagua wewe hakuna kinachochaguliwa: mafupi yakiwa katikati ya marefu yanakosa mwanga, yanatoa punje chache, na msimu baada ya msimu yanapungua ndoo bila mtu kuamua hivyo.

Kazi yenyewe inataka macho mara tatu. Mara ya kwanza ni kabla ya maua, mimea ikiwa na majani matatu au manne ya sehemu tatu tatu. Usiweke alama yoyote wakati huo isipokuwa ya kukataa: mmea dhaifu, wenye majani yaliyokunjamana kwa virusi, au ulioanza kulala pale ambapo wenzake wamesimama, ufunge uzi mweusi ili usije ukasamehewa baadaye kwa kuwa una maganda. Mara ya pili ni maua yanapofunguka, na huu ndio wakati wa maana kuliko yote, kwa sababu ncha ya shina inasema ukweli wake. Inama uiangalie. Ikiwa imeishia kwenye shada la maua, ni umbo la kwanza. Ikiwa bado inasukuma jani jipya, shina halina kikomo. Hesabu tawi la kwanza linatoka fundo la ngapi, uangalie pembe yake: linalotoka kwa pembe finyu litasimama, linalotoka kwa pembe pana litalala likipata mzigo. Mimea inayokupendeza ifunge kitambaa cha rangi moja kwa mafupi na rangi nyingine kwa ya kukwea. Mara ya tatu ni maganda yanapoanza kugeuka rangi. Hapo unahesabu maganda yaliyojaa, unatazama yalivyopangika kutoka chini hadi juu, na unafungua vitambaa vya mimea iliyokudanganya, nayo huwa mingi.

Katika hayo yote linganisha mmea na majirani zake wa karibu, usiulinganishe na kiwanja kizima. Mmea wa wastani kwenye ufa mkavu ambao umewapita wote wa ufa huo una thamani kuliko jitu lililoota kwenye samadi. Wa pembeni uhukumu na wa pembeni, wa katikati na wa katikati. Na mimea yenye vitambaa usiichume majani ya mboga. Najua majani machanga ya maharagi ni chakula, na watoto wakitumwa kuchuma hawatazami vitambaa. Lakini ncha ikichumwa matawi yanaamka, na utakuwa umechagua vidole vya mtoto badala ya urithi wa mmea. Vivyo hivyo usiukatae mmea kwa majani yaliyoungua kando kando baada ya siku ambazo moshi wa volkano umeelemea upande wako. Hilo si kosa lake.

Pingamizi la pili linatoka jikoni, na mpishi ana haki ya kupaza sauti. Maharagi yanayochukua makala ya siku mbili kuiva hayana faida hata kama yamekwea hadi paa, na yale ambayo muuzaji wa sokoni hayapendi yatalala kwenye ndoo. Hata hivyo, ukitazama sana, pingamizi hili linapanga tu zamu za kazi. Halipingi kuanza na umbo. Ukianza na punje, unabaki na punje nzuri kutoka kwenye mimea ya kila namna, na huwezi kurudi nyuma kuitafuta iliyosimama vizuri. Ukianza na umbo, unabaki na bahasha kumi na tano au ishirini, kila moja ya mmea mmoja, na jikoni inaweza kuzipitia zote. Punje za mmea mmoja hazitoshi chungu, lakini baada ya msimu mmoja wa kuziongeza utapata gao la kupikia. Pika kila ukoo kwa sufuria ile ile na moto ule ule, ukiandika saa, tena ndani ya mwezi mmoja wa mavuno, maana maharagi yaliyokaa muda mrefu kwenye joto na unyevu hugoma kuiva hata yakiwa ya ukoo mwepesi. Wanaotafuta madini ya chuma kwa ajili ya mama wajawazito na watoto wana njia ya mkato: kituo cha utafiti wa kilimo cha INERA kilichopo Mulungu, Kivu Kusini, pamoja na mradi wa HarvestPlus, wametoa aina zenye chuma nyingi, zikiwemo fupi kama HM 21-7 na ya kukwea kama COD MLV 059. Ukizipata, zichanganye na koo zako na uzisome kwa umbo kama nyingine zote.

Wapo watakaosema kuzalisha mbegu ni kazi ya Mulungu na wataalamu wake, si ya mtu mwenye kitalu cha hatua kumi. Kwa kinga ya magonjwa mapya na kwa kukusanya koo kutoka mabara mengine, ni kweli. Umubano isingetoka Meksiko kwa miguu yake. Lakini wataalamu hawajui parseli yako. Kati ya mwaka 1988 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, kule Rwanda, Louise Sperling wa CIAT na wenzake wa ISAR waliwaalika wanawake waliojulikana vijijini kwao kwa ujuzi wa maharagi, wakawaingiza kwenye mashamba ya kituo wachague wenyewe kabla ya aina kuchujwa na watafiti. Walichagua kwa kufikiria mahali: hili litavumilia kivuli cha migomba, hili majani yake ni machache na halitaoza kwenye udongo wenye rutuba, hili litafaa ardhi iliyochoka. Walipozipanda kwao, mara nyingi aina walizochagua zilishinda mchanganyiko wa kienyeji. Umbo ndilo hasa walilokuwa wakilisoma. Na tangu Januari 2025, mji wa Goma ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, kutegemea kwamba mbegu ya kituo itafika kila msimu kwa wakati ni tegemeo jembamba mno.

Pingamizi la mwisho nalipa uzito zaidi ya yote, kwa sababu linatoka kwa watu wanaoupenda mchanganyiko kwa akili, si kwa mazoea. Wanasema: mchanganyiko ni bima, mwaka wa chule, rangi moja inakufa na nyingine inapona, wewe unataka tubaki na mmea mmoja mzuri. Hapana. Anayechagua mmea mmoja bora na kuuzidisha hadi ujaze kiwanja ameuza bima yake. Chagua umbo, usichague ukoo mmoja. Koo nane za kukwea zenye rangi na asili tofauti, zikipandwa pamoja, zinagawana fito bila kunyang'anyana mwanga, kwa kuwa zote zinakwenda juu kwa mwendo unaokaribiana, na bado ugonjwa mmoja hauzimalizi. Koo sita fupi kwenye mifuko yenye udongo mwembamba zinafanya vivyo hivyo. Kinachoondoka ni mchanganyiko wa marefu na mafupi kwenye shimo moja, ambao ni vita zaidi kuliko bima. Ndoo moja inakuwa ndoo mbili.

Msimu wa pili ndio unaotoa hukumu. Punje za kila mmea wenye kitambaa zianikwe kivulini kwanza zikiwa ndani ya maganda, kisha juani kwa muda mfupi, hadi jino lisiweze kuzitia alama. Zitie kwenye chupa za plastiki zilizojazwa hadi shingoni ili hewa isibaki, na kufunikwa kabisa. Fukusi walioingia na mavuno watakosa pumzi. Andika kwenye kila chupa umbo, fundo la tawi la kwanza, mahali mmea ulipoota na aina ya ufito. Wakati wa kupanda, gawa kila chupa mara tatu: sehemu moja iende kwenye mfuko wa udongo mnene, moja kwenye mwembamba, na moja ibaki ndani ya chupa hadi utakapovuna, kwa sababu mvua ya mawe, kuku au kukimbia ghafla vinaweza kumaliza vitalu vyote viwili. Ukoo ambao umerudia umbo lake pande zote mbili umerithi, uhamishie kwenye ndoo. Uliokuwa mkubwa kwenye udongo mnene tu, upeleke jikoni. Na ukikuta mstari mmoja umegawanyika, mimea mingi inakwea na michache imefupika, nyuki alipita kwenye ua misimu miwili nyuma, au zaidi. Mstari huo usiung'oe, utenge, funga vitambaa upya na uusome tena kuanzia ncha.